Je, wajua kwa nini droni ya tanga hufupishwa bawa kabla ya kutumwa kimbungani?

Tarehe 30 Septemba 2021, chombo cha mita 7 kisicho na mtu ndani kiliingia kwenye kimbunga Sam, katika Bahari ya Atlantiki. Kilikuta mawimbi ya mita 15 na upepo uliozidi kilomita 190 kwa saa, nacho kikaendelea kutuma picha na vipimo. Chombo hicho ni SD 1045, cha kampuni ya Saildrone ya Marekani.

Tanga lake si kitambaa. Ni bawa gumu la nyuzi za kaboni, lililosimama wima na kuachwa lizunguke huru kwenye mhimili wake. Mbele lina uzito wa kulisawazisha, nyuma lina mkia wenye kibao kidogo. Kibao kikipinda digrii chache, upepo wenyewe hulisogeza bawa hadi pembe inayotakiwa. Mota ya kukipinda kibao hutumia umeme kidogo mno, wala hakuna demani (kamba ya kuongozea tanga) ya kukatika. Upepo ukigeuka ghafla, bawa hugeuka nao.

Kwa hiyo kinachovunja zaidi ni maji. Wimbi likipasukia ubavuni, chombo hulala, na bawa hupigwa na maji ambayo kwa ujazo uleule ni mazito mara 800 hivi kuliko hewa. Hapo urefu huponza. Mzigo ukienea sawasawa, nguvu ya kulipinda bawa shinani hukua kwa mraba wa urefu: bawa la mita 5 likikatwa hadi mita 2.5, upana ukibaki uleule, nguvu hiyo hushuka hadi robo. Mwaka 2019, SD 1020, droni nyingine ya kampuni hiyo yenye bawa fupi la mraba, iliizunguka Antaktika kwa siku 196.

Kupinduka hakuzuiliki, kwa hiyo chombo huundwa kiinuke chenyewe. Farumi, yaani uzito wa kukituliza chombo, iliyo chini ya mkuku (uti wa chini wa chombo) huvuta upande mmoja, bawa lenye uwazi ndani huelea upande mwingine. Kikilala kichwa chini hakitulii. Sharti ni maji yasipenye, na kila waya wa kipimo unaopita kwenye bodi ya chombo ni tundu la kuzibwa vizuri.

Bawa fupi lina gharama yake: upepo mwanana hausukumi chombo vya kutosha, na kwenda joshi, yaani kuelekea upepo unakotoka, huwa taabu. Hakiwezi kukifuata kimbunga kinakokwenda. Ndiyo maana mwaka 2021 vyombo vitano viliwekwa mapema kwenye njia ambazo vimbunga hupita, vikasubiri huko.