Machozi ya bibi yalikuwa na hoja ndani yake

"Punguza jazba, leta hoja." Kauli hii naisikia karibu kila wiki. Naisikia darasani, maana nafundisha mantiki hapa Dodoma, na naisikia zaidi kwenye mabaraza ya kata ninakoalikwa kusaidia usuluhishi. Anayeitamka huwa anajiona ameshashinda nusu ya mjadala: mwenzake amepandisha sauti au amelia, basi yeye aliyetulia ndiye mwenye akili. Nilikuwa nikiitumia hata mimi. Niliiacha baada ya kesi ya shamba moja la uwele huko Chamwino.

Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, baraza la ardhi la kata halitoi hukumu tena, linasuluhisha tu. Wasipoelewana, wanakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa hiyo pale kata hakuna wa kumlazimisha mtu. Mtu akiondoka na donge lake kifuani, kikao kimekwenda bure.

Siku hiyo kijana alikuja na mkataba wa mauziano ulioandikwa kwa mkono, pamoja na mchoro wa hatua za miguu, kona hadi kona. Aliongea taratibu na akaeleweka. Bibi aliyemlalamikia hakumaliza hata sentensi mbili. Alilia, akapiga kanga yake gotini, akasema, "Mmemlima kichwani!"

"Bibi, mimi nakuheshimu," kijana akamjibu, "lakini machozi siyo ushahidi."

Wajumbe wawili wakaitikia kwa kichwa. Mjumbe wa tatu, mama mmoja wa makamo, akasogeza kiti chake karibu na bibi. "Mama, nani kalimwa kichwani?"

Alikuwa mume wake. Alizikwa kwenye kona ya shamba, na trekta lilipita juu ya kaburi. Tulikwenda kuangalia. Mawe yaliyolizunguka yalikuwa yametawanyika, mengine yamesukumwa hadi kwenye ua wa minyaa. Tukahesabu: kaburi lilikuwa hatua kumi na moja ndani ya mpaka wa kijana. Huku kwetu hakuna mtu anayemzika mwenziwe kwenye shamba la jirani, kijiji kizima kikiangalia, na mwenye shamba akanyamaza. Tena wazee waliofuatana nasi walimkumbuka vizuri jirani aliyemuuzia kijana eneo lile. Alikuwa miongoni mwa waliochimba kaburi.

Ushahidi mzito kuliko wote siku ile ulikuwa ndani ya kile kilio. Tungemnyamazisha bibi tungeupoteza.

Ndiyo maana nawaambia wanafunzi wangu kwamba hisia huja na dai. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alilieleza hili zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Kwake, hasira ni hamu ya kulipiza, yenye maumivu ndani yake, kwa sababu mtu ameona amedharauliwa na asiyestahili kumdharau. Angalia kilichomo humo: nimedharauliwa, na aliyenidharau hakuwa na haki hiyo. Hayo ni madai mawili, na yote yanaweza kupimwa kuwa kweli au si kweli, kama dai lolote lile. Hofu nayo inadai kuna hatari. Huzuni inadai kuna kitu cha thamani kimepotea. Unapomwambia mtu apunguze jazba, unakataa kulipima dai lake hata kabla hujalisikia.

Wengine hudhani akili ingefanya kazi safi zaidi hisia zikiondolewa kabisa. Daktari wa neva Antonio Damasio, akiwa Marekani, alimchunguza mgonjwa aliyemwita Elliot, aliyeondolewa uvimbe sehemu ya mbele ya ubongo. Vipimo vya akili na kumbukumbu alifanya vizuri. Hisia zake ndizo zilizofifia, na pamoja nazo uwezo wa kuamua mambo ya kila siku ukaharibika. Kazi ilimshinda, fedha zikapotea. Angeweza kukutajia njia zote zilizopo na matokeo ya kila moja, kisha asijue ashike ipi. Damasio alihitimisha kwamba hisia ndizo zinazoyapa mambo uzito, na bila uzito huo hesabu haifiki mwisho. Mimi nakubaliana naye.

Sasa, kusema hisia ni dai siyo kusema kila hisia ni kweli. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma kikamilifu, biashara ya ardhi imewaka moto, na madalali wanajua kuicheza hofu. "Bosi, kuna mteja yuko njiani na hela taslimu." Hofu inayokushika hapo inadai kitu kimoja tu, kwamba utachelewa. Pengine ni kweli. Haisemi lolote kuhusu mpaka, wala majirani, wala kama muuzaji ndiye mwenye eneo. Lakini ukiwa nayo moyoni unaona kama maswali hayo nayo yameshajibiwa. Hofu ya jambo moja imebeba uamuzi wa jambo lingine, na hapo ndipo watu wengi wanapoumia.

Kijana wa Chamwino aliumia hapo hapo. Tukiwa bado pale kaburini alitueleza kwamba alilinunua lile eneo jioni moja, kwa sababu aliambiwa mwingine anakuja asubuhi. Alikuwa ameuza bodaboda yake kupata hizo fedha. Ule utulivu wake wa kikaoni, alisema, ulikuwa woga mtupu wa kupoteza kila kitu. Hasira alikuwa nayo pia, na alikuwa na haki nayo, ila siku zote hizo alikuwa amemwelekezea bibi.

Aliinama akaanza kuyarudisha mawe, moja moja. Bibi alimwangalia kwa muda, kisha akamwonyesha lilipo jiwe la kichwani.

"Hilo liweke huku, mjukuu wangu. Halafu twende wote kwa huyo aliyekuuzia."