Mfungueni huyo kihongwe

Wiki iliyopita, katika kijiji kimoja cha Igunga, nilionyeshwa kwa fahari kihongwe, yaani mtoto wa punda, wa miezi sita aliyefungwa kwa kamba ya manila kwenye shina la mkwaju ili azoee kuongozwa. Alikuwa amesimama kimya, kichwa chini, jasho limemkaukia kifuani. "Tangu asubuhi alikuwa anapigana na kamba," mwenye punda akaniambia, "sasa ameshakubali." Sentensi hiyo nimeisikia Nzega, nimeisikia Uyui, na kila mara hufuatwa na ile methali ya shukrani ya punda, kana kwamba mateke ndiyo elimu yote tuliyorithi kuhusu mnyama huyu.

Hakuwa amekubali kitu. Farasi akiogopa hukimbia, na kila mtu huona kwamba ameogopa. Punda aliyeogopa mara nyingi husimama kama gogo, akaukazia macho ule mtisho mpaka aamue la kufanya, nasi tukampachika jina la mbishi na kumwongezea fimbo. Kihongwe wa pale mkwajuni alikuwa na masikio yaliyolala nyuma bila kugeuka hata mtu alipopiga mluzi, pua zimebana, na ngozi ya begani ilitetemeka nilipomgusa. Huo ni uchovu uliochanganyika na hofu, na mara nyingi, kamba ikitolewa kesho yake, mnyama wa namna hiyo hamkaribii tena mtu yeyote. Sijataja bado shingo: kihongwe akijirusha nyuma kwa uzito wake wote, viungo vilivyo nyuma ya masikio ndivyo vinavyolipa, na wapo wanaopinduka chali na kugonga kisogo.

Bwana mmoja mwerevu aliwahi kunijibu kwamba mti nao hufundisha, kwa sababu kihongwe akisogea mbele kamba hulegea yenyewe. Ni kweli, na nilikaa na jibu hilo siku kadhaa. Somo lote limo katika kulegeza, na wapo vihongwe wanaojifunza kwa njia hiyo. Lakini mti hauna mvuto mdogo wa kuanzia. Huanza na nguvu yote kwa mara moja, na siku kamba inapokatika, nao hulegeza, yaani humfundisha kihongwe kwamba akivuta vya kutosha atakuwa huru. Punda aliyejifunza hilo akiwa mdogo hukata kamba hadi uzeeni.

Anayefundisha kwa mkono badala ya mti husimama usawa wa bega na kuvuta kidogo kwa upande. Akivutwa mbele, kihongwe hukaza miguu yote minne na atakushinda; akivutwa upande, uzito unahama na inambidi anyanyue mguu mmoja. Mguu huo ukinyanyuka tu, legeza papo hapo, hata kabla haujakanyaga chini, kwa kuwa ukichelewa kidogo atakuwa ameshafanya jambo jingine, na hilo jingine ndilo litakalokuwa limelipwa. Ukilegeza anaporudi nyuma, umemfundisha kurudi nyuma. Ndiyo maana asiposogea sivuti zaidi; nashikilia mvuto uleule, nangoja. Hatua tatu kulia, tatu kushoto, dakika tano hadi kumi, basi. Fanyeni kwa pande zote mbili, maana alichozoea kukiona kwa jicho la kushoto huweza kumshtua upya kwa jicho la kulia.

Hatamu iwe ya kamba ya pamba au vitambaa vilivyosokotwa, haihitaji lijamu, kile chuma cha mdomoni. Mkanda wa puani ukae juu ya mfupa, chini kidogo ya mfupa wa shavu, maana chini zaidi pua ni laini na pumzi huzibika. Mzigo usahauliwe kabla ya miaka 3. Mimi hungoja 4.

Kabla ya hayo yote, shughulikeni na mama. Watafiti wa Ufaransa walichapisha mwaka 2005 kwamba watoto wa farasi ambao mama zao walipigwa brashi kwa utulivu mbele yao, siku chache baada ya kuzaa, walikaribia watu kwa wepesi zaidi. Nami huanza hivyo kwa punda: namkuna mama penye mwanzo wa mgongo, pale wanapokunana wenyewe kwa meno, mpaka mtoto aje kunusa kiwiko changu. Msizidishe, hata hivyo. Dume aliyelelewa kama mwanasesere huja kuuma watu akikomaa.

Jambo moja linanisumbua. Tulifundishwa kwamba kihongwe akitafuna mdomo mtupu na kulamba midomo, ameelewa. Nimewaona wakitafuna vivyo hivyo baada ya kuponyoka mbwa, mahali ambapo hakuna aliyekuwa anafundisha kitu, na siku hizi nadhani ni mdomo uliokauka kwa hofu ukirudisha mate. Kwa hiyo siitegemei tena ishara hiyo. Naangalia masikio kama yanageuka, na kama mnyama anakuja mwenyewe siku ya pili. Hata hapo nimewahi kukosea, nikamwita mtulivu kihongwe ambaye kumbe alikuwa mgonjwa.

Yule wa mkwajuni tulimfungua, tukamrudisha kwa mama yake, tukaanza upya kwa kamba ya pamba. Siku ya nne alitembea nyuma ya mama hadi lamboni, kamba ikining'inia kati yetu. "Leo ameamka vizuri," mwenyewe akasema. Nilimwonya kwamba hatamu ivuliwe kila baada ya somo, kwa kuwa kihongwe hujikuna sikio kwa mguu wa nyuma na kwato hunasa, na pia hukua upesi kuliko kamba. Niliporudi Jumamosi alikuwa bado ameivaa, na juu ya pua palikuwa na alama ya upana wa kidole, manyoya yameshanyonyoka.