Kina cha Bandari ya Tanga Huanzia Kwenye Msingi wa Gati

Hadi miaka michache iliyopita, meli kubwa ikileta mzigo Tanga ilitia nanga mbali ghubani. Shehena ilishushwa kwenye matishari, yaani vyombo bapa vya mizigo, tagi (boti za kuvuta) zikayavuta hadi gatini, kisha ikapakuliwa upya. Mzigo mmoja ukabebwa mara mbili, na gharama yake akaibeba mnunuzi. Maji ya gatini yalikuwa na kina cha mita 3 hivi tu. Leo, baada ya mradi wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania ulioanza mwaka 2019, kina ni mita 13 na meli inafunga moja kwa moja kwenye gati la mita 450.

Wengi hutuuliza: kwani si kuchimba mchanga tu, mbona ilichukua miaka yote hiyo? Laiti ingekuwa hivyo. Bandari hii tuliirithi kwa Wajerumani, walioanza kujenga reli kutoka hapa mwaka 1893, na ukuta wao wa gati ulikusudiwa matishari. Ukuta wa namna hiyo husimama kwa sababu kuna udongo unaoukinga mbele ya msingi. Uondoe udongo huo, na uzito wa ardhi ya nyuma, pamoja na kreni na makontena yaliyo juu yake, utausukuma ukuta baharini. Kwa hiyo awamu ya kwanza ya mradi ilichimba lango la kuingilia meli na eneo la kuzigeuzia. Ya pili ndiyo ikashughulikia gati, kwa nguzo zilizoshindiliwa hadi kwenye tabaka gumu. Kupanga kina bila kupanga gati ni hatari kubwa.

Halafu, mita 13 kutoka wapi? Kina cha bandari huhesabiwa kutoka usawa wa maji yakiwa yamekupwa kabisa. Siku za bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mpya na mwezi mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa hapa Tanga hupita mita 3, na rubani anayeongoza meli bandarini huitumia kuingiza meli iliyosheheni. Lakini hata hivyo lazima maji yabaki chini ya mkuku, yaani uti wa chini wa meli, maana meli inayotembea penye maji haba huzama zaidi kuliko iliyosimama, na mawimbi huipandisha na kuishusha.

Jambo linalonisumbua zaidi ni tope. Mto Zigi unatoka milima ya Usambara Mashariki na kumwaga maji yake kwenye ghuba hii. Mto Mkulumuzi nao humwaga humo humo. Masika yakikolea, maji hubadilika rangi, na udongo wa mashamba ya miteremkoni hutua baharini. Kwa hiyo bajeti ya kuchimba tena, na kupima sakafu ya bahari kila baada ya masika, ni sehemu ya mpango tangu mwanzo.

Kifusi kinachochimbwa nacho kina pa kwenda na pasipofaa. Kikimwagwa karibu na matumbawe, tope huziba mwanga na matumbawe hufa, samaki nao huhama. Kabla ya kuchagua eneo, wavuvi wa Sahare na Chongoleani waulizwe wanatega wapi madema yao, yaani mitego ya samaki, na majibu yao yachorwe kwenye ramani ya mkandarasi kabla meli ya kuchimba haijafika.