Je, wajua kwa nini ukame wa Dodoma hupimwa kisimani, si angani?

Dodoma ina kifuku kimoja tu, Desemba hadi Aprili, na mvua yake kwa wastani haifiki milimita 600 kwa mwaka. Hata hivyo, kifuku kimoja kibovu hakikaushi mabomba ya mjini. Sehemu kubwa ya maji ya jiji hutoka visima virefu vya Mzakwe, bonde la Makutupora, na bonde hilo hujazwa hasa na miaka michache ya mvua kubwa, kama El Niño ya 1997/98. Miaka ya katikati ni kula akiba.

Kwa hiyo dalili ya ukame huchelewa, na wa kuitafuta ni fundi mwenye utepe wa kupimia kina, ule unaolia ncha yake ikigusa maji. Hupima mara mbili: pampu ikiwa imezimwa hadi maji yakatulia, kisha ikiwa inavuta. Kipimo cha kwanza kikishuka mwezi hadi mwezi, akiba inapungua. Kikibaki palepale huku cha pili kikizama, kwa kawaida chujio la kisima limeziba: hapo kinachotakiwa ni kukisafisha, wala si kutangaza ukame.

Maji yakishuka mita 10, kila lita milioni moja hudai takriban uniti 45 zaidi za umeme, kwa pampu yenye ufanisi wa asilimia 60. Yakiifikia pampu yenyewe, inavuta hewa, na mota inayopozwa na maji huungua.

Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu hutoa vibali vya kuchota. EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, husimamia mamlaka za maji na kuidhinisha bei zao. Mdhibiti anayetaka mpango wa ukame usiwe wa kabatini adai namba: kina gani kikifikiwa, presha ya usiku ishushwe na uvujaji uzibwe, kina gani, mgao uanze. Pasipo namba, mgao husubiri tenki likauke.

Tena mgao una gharama yake. Bomba tupu hunyonya maji machafu kupitia nyufa, na maji yakirudi, hewa iliyonaswa huzungusha mita za wateja. Valvu zifunguliwe taratibu, bomba lisafishwe kwa kumwaga maji ya mwanzo. Nyumbani, ndoo ya kwanza iende kudekia.