Kufupisha sheria ya ushuru si kuurahisisha ushuru

Kila Juni saiba za Mombasa hujaa. Tarehe 30 ndiyo mwisho wa kufaili ritani, yaani taarifa ya mapato ya mwaka, na watu huja na PIN za ushuru zilizoandikwa nyuma ya daftari la mtoto, wengine na bahasha ya risiti zilizokwisha kufifia wino. Na kila Juni kuna mtu kwenye foleni atakayesema: "Wangeifupisha tu hii sheria, sote tungelipa bila taabu." Wenzake huitikia kwa kichwa.

Nimewaandikia hesabu wafanyabiashara wadogo kwa miaka mingi, na ningependa maneno hayo yawe kweli. Lakini nimeona sheria ikifupishwa na taabu ikibaki pale pale, au ikihamia kwa mtu asiye na uwezo wa kuibeba. Kwa hiyo nizichukue dhana hizi moja moja, nyingine kwa kirefu na nyingine kwa kupita tu. (Msomaji wa Tanzania aniwie radhi: nitasema ushuru pale anapotarajia kodi, maana huku kwetu ukitaja kodi mtu humfikiria kwanza mwenye nyumba.)

Dhana: viwango vingi ndivyo vinavyotia ugumu. Kiwekwe kimoja.

Mshahara Kenya hutozwa kwa viwango vitano: 10% kwa shilingi 24,000 za kwanza za mwezi, kisha 25%, 30%, 32.5%, na 35% kwa kinachozidi 800,000. Mtoto wa darasa la nane mwenye kikokotoo anaweza kuikamilisha hesabu hiyo kabla chai haijapoa. Ugumu uko nyuma ya jedwali, katika swali la ni pesa gani hasa zinazoingizwa humo.

Marekani walijaribu dawa hii. Mwaka 1986 Bunge lao lilipitisha sheria iliyofuta viwango zaidi ya kumi vya ushuru wa mapato, vikabaki viwili vya msingi, 15% na 28%. Kufikia 1993 vilikuwa vimerudi kuwa vitano. Hata katika miaka ile ya viwango viwili, Mmarekani aliendelea kukesha akitafuta nini ni mapato, nini ni gharama, na nini kinahesabiwa mwaka huu au mwaka ujao. Kiwango ni mstari wa mwisho tu wa fomu.

Dhana: sheria ikiwa fupi, ubishi hupungua.

Hapa ndipo nisipokubaliana na watu wengi, wakiwemo wenzangu wa kazi hii.

Sheria ya Ushuru wa Mapato ya Kenya, Sura ya 470, inaeleza katika kifungu cha 15 ni matumizi gani mfanyabiashara anaruhusiwa kuyatoa kwenye mapato yake kabla ya kutozwa: yale yaliyofanywa yote, na kwa ajili ya kuzalisha mapato hayo pekee. Sharti lenyewe ni maneno machache. Huwezi kulifupisha zaidi ya hapo.

Sasa mchukue muuza samaki mwenye simu moja. Asubuhi anaitumia kuwaita wavuvi, adhuhuri kupokea malipo ya M-Pesa, jioni kumjulia hali mamake Malindi. Muda wa maongezi anaonunua ni wa biashara au wa nyumbani? Ana pikapu inayobeba barafu alfajiri na kuwapeleka watoto shule saa moja. Mafuta yake je? Maneno yale machache hayamjibu. Yanamwachia aamue mwenyewe, kisha ofisa wa ushuru naye aamue kwa njia yake, na wakitofautiana kuna pingamizi, kuna mahakama ya rufaa za ushuru, kuna wakili wa kulipwa.

Ingekuwa imeandikwa kwamba mwenye biashara ya kiasi fulani atoe nusu ya gharama ya simu na theluthi mbili za mafuta bila kuulizwa, sheria ingerefuka kwa ukurasa mzima, na muuza samaki angelala usingizi. Kurasa nyingi ni majibu ya maswali ambayo tayari mtu fulani aliuliza. Ukizing'oa, maswali hayaondoki nazo.

Sisemi kila ukurasa una faida. Kuna vifungu vilivyoingizwa kwa sababu mwenye sauti kubwa alifika kwanza. Lakini kuhesabu kurasa hakutakuonyesha kipi ni kipi.

Dhana: mfanyabiashara mdogo atozwe asilimia ndogo ya mauzo, yaishe.

Hii ndiyo ninayoisikia zaidi, na ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu inatolewa kwa nia njema.

Kenya tunayo. Ni ushuru wa mauzo ghafi, ule unaoitwa TOT. Tangu Julai 2023 unamhusu mwenye mauzo ya zaidi ya milioni 1 na yasiyozidi milioni 25 kwa mwaka: asilimia 3 ya anachouza, kila mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Gharama haziulizwi na haziruhusiwi. Kwa kutazama tu, hakuna ushuru mwepesi kuliko huo.

Kuna mama mwenye duka la rejareja upande wa Likoni. Anauza sukari, unga, mafuta ya kupikia, sabuni. Nilipomuuliza biashara inaendaje alinijibu: "Mwanangu, nilichouza nakijua. Nilichopata ndicho sikijui." Katika jibu hilo mmo sababu ya serikali kuchagua mauzo, na mmo pia kasoro ya chaguo lenyewe.

Tufanye hesabu ya duka la namna hiyo. Mauzo ya mwezi ni 250,000. Bidhaa hizi faida yake ni nyembamba; tuseme baada ya kununua mali, kulipa kodi ya chumba na stima, zinabaki asilimia 8, yaani 20,000. TOT ni 7,500. Hiyo ni asilimia 37.5 ya alichopata. Kiwango cha juu kabisa cha mwenye mshahara wa zaidi ya laki nane kwa mwezi ni 35%.

Angetozwa kwa faida, kwa njia ile ndefu inayolalamikiwa? Asilimia 10 ya 20,000 ni 2,000. Kila mkaaji ana nafuu ya 2,400 kwa mwezi, inayopunguzwa kwenye ushuru wenyewe. Angelipa sifuri.

Barabara hiyo hiyo kuna kinyozi mwenye viti vinne, mauzo yake pia 250,000, ila yeye hanunui sukari ya kuuza. Baada ya mishahara na pango anabaki na nusu, 125,000. Naye TOT yake ni 7,500, ambayo ni asilimia 6 ya alichopata. Kwa njia ya faida angelipa karibu 29,900. Kwa hiyo kanuni hiyo moja inamkamua aliyepata kidogo na kumpunguzia aliyepata kingi, na mwezi wa hasara inatoza vile vile.

Simlaumu kinyozi, wala simwiti aliyeiandika sheria mtu mbaya. Ushuru unaotazama faida unahitaji daftari, na wengi hawana daftari. Lakini tuiite kwa jina lake: hapa hesabu imerahisishwa kwa kuuondoa usawa.

Tanzania wamejaribu njia nyingine kidogo. Mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 100 kwa mwaka hutozwa kwa makadirio, na jedwali lake kwa wale wa ngazi za chini linatofautisha anayetunza kumbukumbu na asiyetunza. Aliye na daftari hulipa kulingana na mauzo yake halisi. Asiye nalo hupangiwa kiasi. Jedwali la namna hiyo ni refu kuliko mstari wetu mmoja wa asilimia 3, lakini linampa mtu sababu ya kuanza kuandika.

Kisha kuna jambo lisilosemwa: mstari huo mmoja wetu haujatulia. Ulianza 2008 kwa asilimia 3, kwa mauzo yasiyozidi milioni 5. Mwaka 2019 ukaondolewa, ikaja asilimia 15 ya ada ya leseni ya biashara ya kaunti. Januari 2020 ukarudishwa. Aprili mwaka huo huo ukashushwa hadi asilimia 1. Kikomo cha juu kikapandishwa hadi milioni 50. Mwaka 2023 ukarudi asilimia 3, kikomo kikateremshwa hadi milioni 25. Mama wa duka angejifunza kanuni gani, na aiamini kwa muda gani? Kanuni yenye kurasa kumi ambayo haijaguswa kwa miaka kumi ni nyepesi kwake kuliko mstari mmoja unaohama.

Dhana: tufute misamaha yote ya VAT, ule ushuru unaoongezwa kwenye bei ya bidhaa, kila kitu kitozwe sawa.

Ilijaribiwa. Sheria ya VAT ya 2013 ilikuja kwa kusudi hilo hasa, na ikapunguza sana orodha ya bidhaa zisizotozwa. Vitabu vya shule vikaingia kwenye 16%, na wachapishaji na wazazi wakapiga kelele, kwa haki. Tangu hapo orodha imekuwa ikiongezwa na kupunguzwa kwa Sheria ya Fedha, mwaka baada ya mwaka.

Mfano ulioko jikoni kwa wengi wetu ni mtungi wa gesi. Julai 2021 gesi ya kupikia iliingizwa kwenye 16%. Julai 2022 ikawa 8%. Julai 2023 ikawa sifuri. Muuzaji aliyekuwa na duka la mitungi miaka hiyo alibadilisha mashine yake, bei zake na maelezo yake kwa wateja kila mwaka, kwa bidhaa ile ile, rafu ile ile. Haikuwa orodha ndefu iliyomchosha.

Na wanaotaka kufuta misamaha wakumbuke kila msamaha una mtu nyuma yake, na mtu huyo hupiga kura. Ndiyo maana hurudi. Mimi binafsi ningekubali orodha fupi ya vitu vya lazima, iwekwe, halafu iachwe itulie.

Dhana: urahisi lazima utoke bungeni.

Mwajiriwa wa Kenya asiye na mapato mengine hukatwa PAYE, yaani ushuru wa mshahara, kabla mshahara haujamfikia. Mwajiri wake hupeleka takwimu kila mwezi. Kwa miaka mingi bado ilimlazimu kuketi Juni na kuandika upya, kutoka fomu ya P9 anayopewa na mwajiri, tarakimu ambazo Mamlaka ya Mapato ilikuwa nazo tayari. Sasa iTax, mfumo wa mtandaoni wa Mamlaka hiyo, ina ritani ya wenye ajira pekee, na tarakimu za mwajiri hujijaza zenyewe. Mtu huzikagua na kutuma. Nafuu hiyo haikuhitaji kifungu kufutwa wala kiwango kubadilishwa. Taarifa iliyokuwapo ilitumiwa tu, na pale saibani nusu saa ikawa dakika tano.

Kinyume chake ni kijana aliyechukua PIN ili aombe mkopo wa masomo wa HELB. Hana kazi, hana mapato, hajui kwamba anapaswa kufaili ritani ya sifuri kila mwaka. Faini ya mtu binafsi anayechelewa ni shilingi 2,000, au 5% ya ushuru anaodaiwa ikiwa ni kubwa zaidi. Miaka mitano ya kutojua ni 10,000, kwa mtu ambaye hajawahi kudaiwa hata senti ya ushuru. Sheria inayomfunga ni fupi na inaeleweka. Ila hakuna aliyemwambia.

Dhana: watu wanaogoma wanataka sheria nyepesi.

Wafanyabiashara wa Kariakoo, Dar es Salaam, walipofunga maduka Mei 2023, na serikali ikaja kuwasikiliza, walizungumzia kamatakamata, usajili wa stoo, na namna wanavyokaguliwa. Hayo ni malalamiko juu ya kutendewa. Ukaguzi ukiwa wa kuvizia, hata sheria ya sentensi mbili itamtisha mtu.

Sasa nirudi kwa yule mama, maana kuna jambo analoweza kulifanya kabla Bunge halijafanya lolote. Sheria inamruhusu aliye chini ya TOT kumwandikia Kamishna wa ushuru kwamba hataki kutozwa kwa mauzo, atozwe kwa faida kama wengine. Ni barua tu, haina ada. Ila akishatoka, atahitaji kuthibitisha gharama zake, na tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato, kwa jumla haikubaliwi. Kwa hiyo kabla ya barua ni daftari: upande mmoja alichouza kila siku, upande wa pili alichonunua, kwa nani, na kama ankara ilitoka. Muuzaji wa jumla wa sukari na unga anayempa ankara ya eTIMS ana thamani kuliko yule anayempunguzia shilingi tano bila karatasi.

Tumeanza naye Januari. Safu ya pili bado ina mapengo, hasa siku za Ijumaa anapofunga mapema, lakini sasa mwisho wa mwezi anaweza kuniambia alichopata.