Gari la siti saba halipimwi na watu wawili

"Fundi, nimepata gari, niko nalo njiani nakuja uliangalie." Simu kama hiyo naipokea karibu kila Jumamosi, na kabla mteja hajafika gereji kwangu Pasua, mjini Moshi, najua kuna kipimo tumeshakipoteza. Injini itafika ya moto, na injini ya moto ina adabu za mgeni: haigongi, haitoi moshi, inawaka kwa mguso mmoja. Tabia yake halisi utaiona asubuhi, ikiwa imelala usiku kucha. Ndiyo maana nikienda kwa muuzaji, kiganja changu kinagusa boneti kabla hakijashika mkono wa mtu. Nikiikuta ya vuguvugu, tunaonana kesho yake.

Hilo ni la gari lolote. Gari la safu tatu lina jambo lake la ziada, na mimi nililijua kwa aibu.

Mwaka 2018 shemeji yangu aliniita nimkagulie gari la siti saba, la mtumba, muuzaji akiwa Arusha. Nililiwasha likiwa baridi, nikachomeka mashine ya kusoma hitilafu za injini, hakuna kosa hata moja. Tukaliendesha mimi na yeye mpaka Kisongo na kurudi, mshale wa joto katikati, AC inagandisha. Nikamwambia chukua. Tarehe 24 Desemba akapakia mkewe, watoto, mama mkwe, mchele, kreti za soda na mabegi juu, safari ya nyumbani Marangu. Walipoipita Himo na mlima kuanza, mshale ulikaa palepale katikati kwa muda, kisha ukapanda wote kwa mpigo. Gasketi ya silinda hedi iliungua na hedi yenyewe ikapinda. Mama mkwe alimalizia safari kwa bodaboda, na mpaka leo nikifika kwao naulizwa kama nimeshaacha ufundi.

Nilipoifungua rejeta ndipo nilipoelewa. Karibu nusu ya njia zake zilikuwa zimeziba kwa ukoko na kutu, kazi ya miaka mingi ya kujaziwa maji ya bomba badala ya kulanti, maji maalumu ya kupozea injini. Nusu rejeta inatosha kabisa kupoza injini inayobeba watu wawili kwenye tambarare. Haitoshi zaidi ya tani mbili zikivutwa mlimani kwa gia ndogo, injini inazunguka sana na upepo wa mbele ni kidogo. Ugonjwa ulikuwepo tangu Kisongo. Mimi ndiye sikulipatia gari kazi ya kuuonyesha.

Tangu hapo sipitishi gari la siti saba bila mlima na bila watu. Mteja aje na familia yake, ikishindikana tunapakia viroba vya mchanga. Ukiwa Moshi mlima hautafuti: kutoka Himo kwenda Marangu Mtoni ni lami na mpando wa kutosha. Mshale wa dashibodi siuamini tena. Magari mengi ya siku hizi yametengenezwa mshale usitikisike joto likipanda na kushuka kidogo, dereva asije akahangaika bure. Ukianza kusogea, maji yameshamwagika. Nasoma nyuzi kwenye mashine niliyochomeka. Injini nyingi hufanya kazi kwenye nyuzi 80 hadi 95 hivi. Ikivuka 100 na bado inapanda, nageuza gari. Tukisimama nazima, kisha napitisha kipimajoto cha mbali juu ya uso wa rejeta. Mahali penye baridi katikati ya moto ndipo palipoziba.

Mlima unaifichua giaboksi pia. X-Trail na Outlander nyingi za siti saba zinatumia CVT, ambayo badala ya gia za meno ina mkanda wa chuma unaozungushwa kati ya puli mbili. Inakufa mapema kwa joto, au kwa oili isiyo yake. Mtu akimwaga humo ATF ya kawaida, oili ya giaboksi za otomatiki za gia, mkanda unaanza kuteleza. Kwenye mpando wenye mzigo sikiliza: injini inapiga kelele lakini mwendo hauongezeki, au kuna mtetemo mwepesi kama vile barabara ina mawimbi. Ukiyapata hayo usianze kujadili bei. Shuka.

Wakati wa kurudi namlipa bodaboda anifuate nyuma. Nateremka bila kukanyaga mafuta, nikifika chini nakanyaga ghafla. Kazi yake yeye ni kuniambia rangi ya moshi. Wa bluu, basi injini inakula oili. Kipimo hiki sikiachi kwa injini ya 2AZ-FE ya lita 2.4, iliyomo kwenye Toyota Vanguard na ndugu zake, kwa sababu inajulikana dunia nzima kwa ulaji wa oili unaoanzia kwenye pete za pistoni. Inatembea vizuri tu, kimya, mpaka siku stiki ya oili inatoka kavu. Mteremko huohuo unapima breki. Usukani ukitetemeka ukikanyaga, diski zimepinda.

Kwa dizeli nina swali moja la kwanza: nozeli, zile zinazopuliza dizeli ndani ya injini, zimewahi kufunguliwa? Chukua 1KD-FTV ya lita 3.0, iliyo kwenye Prado nyingi tunazoziona hapa. Ina nguvu, naipenda, lakini washa, yaani vile viringi vya shaba vilivyo chini ya nozeli, zikichoka, gesi ya mwako inapenya mpaka kwenye oili. Oili inageuka lami, lami inaziba chujio lililo ndani ya sampo, bakuli la oili chini ya injini, presha inashuka, na beringi za krenki zinasagika. Naweza kufungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma nione inavyopumua, ila jibu lenye uhakika linataka sampo ishushwe. Chujio zima unayaona matundu yake. Lililoanza kuziba lina ukoko mweusi kama wa ugali chini ya sufuria. Kazi yenyewe ni ya nusu siku ya fundi, na muuzaji akikataa, nimeshajibiwa. Injini hiyohiyo ina mkanda wa taiming, wa kubadilishwa kila kilometa 150,000. Uliza ulibadilishwa lini.

Kuhusu kilometa sina mengi. Watu wananisomea "80,000 tu, fundi" kama aya, ilhali odomita inarudishwa nyuma kirahisi kuliko kubadilisha tairi. Kama gari limetoka Japani, tafuta stika. Mafundi wa kule hubandika moja mlango wa dereva wakimwaga oili, na nyingine ndani ya boneti wakibadilisha mkanda wa taiming, zikiwa na tarehe na kilometa. Ukikuta 20 penye nafasi ya mwaka usifurahi ukadhani 2020. Mara nyingi ni mwaka wa 20 wa Heisei, enzi ya mfalme kwa kalenda ya Kijapani, yaani 2008. Nimewahi kukuta stika ya kilometa 143,000 kwenye gari ambalo odomita yake inasema 91,000. Muuzaji akasema hiyo stika ni ya gari lingine. Kwenye soko la mitumba la Memorial tunageuza shati la elfu tano nje-ndani tutazame mishono. Gari la milioni 40 tunaangalia rangi.

Safu ya tatu yenyewe karibu hakuna anayeikagua. Wakalishe watu wazima huko nyuma, uone kama gari linakalia tairi. Yale yenye springi za upepo nyuma, kama baadhi ya Prado, yaegeshe na mzigo wake, mkanywe chai, mrudi baada ya nusu saa. Likiwa limeshuka, mifuko inavuja. Ingia chini pia: mabomba ya AC ya nyuma hupita chini ya bodi, yanaliwa na kutu na mawe, na wakati unanunua mwezi Juni hakuna anayekumbuka kuiwasha.

Mwaka jana shemeji alinunua tena, Prado ya petroli ya 2.7, injini ya 2TR-FE yenye cheni badala ya mkanda wa taiming. Ni nzito mlimani, haina haraka na mtu, na kwa familia inayopanda Marangu mara nne kwa mwaka nisingemshauri nyingine. Safari hii walikuja wote siku ya majaribio. Nyuzi zilikaa 90, moshi hakuna, bodaboda akanyoosha dole gumba. Tulipofika Marangu Mtoni, binti yake mdogo akalia kutoka safu ya tatu: "Baba, mkanda haufunguki!" Nikapita kati ya viti na bisibisi. Kifungo cha mkanda wa siti kilikuwa kimejaa soda ya zamani iliyokauka ikawa gundi. Muuzaji alipunguza laki mbili papo hapo. Mama mkwe, aliyekuwa ameshika siti ya mbele tangu Moshi, akaniuliza kama nimemwandalia bodaboda.