Je, wajua kwamba alumini na magnesi huungwa bila kuyeyushwa?

Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, magnesi kwenye nyuzi 650. Kwa ukaribu huo, mtu angetarajia zichomelewe pamoja bila taabu. Taabu ipo, tena kubwa. Zikiyeyuka na kuchanganyika, atomi zake hushikana na kuunda kampaundi mpya, Al3Mg2 na Mg17Al12. Hizi ni ngumu sana lakini hazipindiki, hivyo kiungo kikipata mshtuko ufa hupita humo humo.

Na bado wahandisi hawakati tamaa na jozi hii, kwa sababu ya wepesi wake. Mita moja ya ujazo ya chuma ina kilo 7,850 hivi, ya alumini 2,700, ya magnesi takriban 1,740 tu.

Njia iliyofungua mlango, yaani kuunga kwa msuguano na mkorogo, ilibuniwa mwaka 1991 na Wayne Thomas na wenzake katika TWI, taasisi ya utafiti wa uchomeleaji iliyo karibu na Cambridge, Uingereza. Bamba mbili hubanwa imara, ukingo kwa ukingo. Kifaa cha feleji chenye bega pana na pini fupi kwenye ncha huzungushwa mamia ya mizunguko kwa dakika, kisha hushindiliwa kwenye mstari wa kiungo hadi bega liguse uso wa bamba. Msuguano huzaa joto. Metali hulainika kama udongo mikononi mwa mfinyanzi, pini huikoroga na kuihamishia nyuma yake, na bega huikandamiza isifurike. Hakuna mwali wala waya wa kujazia. Utando wa oksidi unaofunika alumini, ambao huwasumbua sana wachomeleaji, huvunjwavunjwa na mkorogo wenyewe.

Hapa ndipo penye mtego, na kwangu ndipo penye utamu wa jambo lote. Alumini na magnesi zikikutana, mchanganyiko wake huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 437 hivi, chini kabisa ya kiwango cha kila moja peke yake. Joto la msuguano hufika huko kwa urahisi. Kimiminika chembamba hujitokeza mpakani, na kikiganda huacha kampaundi zilezile tulizozikimbia. Ukizungusha pini kwa kasi mno au ukiisogeza polepole mno, tabaka hilo hunenepa. Ukipunguza joto kupita kiasi, metali hainyumbuki vya kutosha na tundu refu hubaki ndani ya kiungo. Watafiti wengine wameendesha kazi yote chini ya maji ili joto liondoke upesi. Kuliondoa tabaka hilo lote si lengo, kwani metali zisizoingiliana kabisa hazishikani. Linatakiwa liwe jembamba sana.

Alumini ikiungwa na chuma, mara nyingi pini huwekwa karibu yote upande wa alumini, ikikwaruza ukingo wa chuma tu. Ikizama ndani ya chuma huliwa haraka. Honda iliunga metali hizo mbili kwa msuguano katika fremu ndogo ya mbele ya gari la Accord la mwaka 2013.

Mwisho wa mstari pini ikichomolewa huacha shimo. Mafundi humalizia kwenye kipande cha ziada kinachokatwa baadaye, au hutumia kifaa ambacho pini yake hurudi ndani taratibu huku bega likiendelea kuzunguka.